Gramu na Mzani wa Magunia

Seremala huyu alikuwa na jina zuri alilopewa na wazazi wake, lakini tangu alipoanza kuunda ndege nyuma ya nyumba hakuna aliyelitumia tena. Walimwita Gramu, na alijitakia mwenyewe. Hakuna kitu kilichoingia kwenye ndege ile, hata skrubu, bila kupita kwanza kwenye mzani mdogo wa jikoni alioupora kwa mkewe. Mkewe akitaka kupima unga, aliambiwa akadirie kwa kikombe.

Msicheke mapema, ndege ilikuwa ya kweli. Michoro yake aliinunua kwa mtu aliyeichora kwa ajili ya watu wa aina yake, wenye mikono mizuri na mifuko mitupu. Mbao alizichagua moja moja, akizigonga kwa kidole na kuzisikiliza. Injini ilitoka kwenye gari dogo lililogongwa nyuma, ikarekebishwa na fundi magari wa mtaani ambaye kila mtu alimwita Spana. Rubani alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, mtu mpole mwenye leseni, aliyeajiriwa kunyunyizia mashamba dawa kwa ndege. Viti vilikuwa viwili, ubavu kwa ubavu, kimoja cha rubani na kimoja cha abiria.

Mifupa ya ndege ikishakamilika huvikwa nguo, na hapo ndipo kazi ilipomwangukia mkewe, ambaye alikuwa fundi cherehani. Alivuta kitambaa juu ya mbavu za mabawa, akakigundisha kingoni, kisha akakipiga pasi, pasi ileile ya kunyooshea nguo za wateja, mpaka kikajikaza na ukikigonga kinalia. Halafu ikaja kazi ya kushona. Kila ubavu wa bawa hushonwa kwa sindano ndefu na uzi uliopakwa nta, fundo kwa fundo, na kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Bawa lilisimamishwa wima katikati ya karakana, mke upande huu, mume upande ule. Mke alichoma sindano, mume akaipokea na kuirudisha. Hawakuonana, walisikiana sauti tu.

"Upo?" mke alikuwa akiuliza.

"Nipo. Leta."

Jioni moja, akiwa nyuma ya bawa hivyo hivyo, Gramu alisema, "Mama watoto, abiria wa kwanza wa ndege hii ni wewe."

Sindano ilichelewa kidogo kuja. "Usinitanie."

"Sikutanii. Ndege umeivisha wewe. Utapanda kabla yangu."

Naye mama wa watu akaamini. Kesho yake alishona mto wa kiti cha abiria, wenye kimfuko ubavuni cha kuwekea leso, maana alisikia huko juu upepo hutoa machozi. Gramu aliuweka mto kwenye mzani wa jikoni, akaguna, akachukua wembe, akakata kimfuko na kuchomoa nusu ya sponji. "Huu ni uzito wa bure," alisema. "Ndege haijui mapambo." Mke aliokota kimfuko chake sakafuni akaenda zake ndani. Hivyo ndivyo alivyokuwa mtu huyo. Rangi iliruhusiwa mkono mmoja tu. Spana aliwahi kufunga waya uliozidi urefu wa kiganja, akasomewa risala mpaka akaukata. Ukimwona Gramu akihubiri habari za uzito ungedhani yeye mwenyewe ni unyoya.

Hakuwa unyoya. Alipoanza kuunda ndege alikuwa mwembamba, na hilo ni kweli. Lakini kuunda ndege ni kazi ya kuinama, kusubiri gundi ikauke, na kunywa chai ya maziwa na mkate wenye siagi huku unaisubiri. Miaka ikapita, chai ikapita, mkate ukapita, na siagi ikabaki pale pale kiunoni. Alipokwenda zahanati kwa ajili ya goti, muuguzi alimpandisha kwenye mzani akasoma kwa sauti iliyofika barazani: "Tisini na saba." Gramu alimwambia mzani wao unahitaji fundi. Akaondoka bila dawa ya goti.

Alijua, ndiyo. Ajuaye ni yeye na muuguzi yule. Na suruali zake nazo zilijua, maana mara kwa mara alizikuta zimefumuliwa nyuma na kuongezwa kipande cha kitambaa cha rangi ileile, kimya kimya. Alizivaa akajifanya hajaona. Mkewe naye hakusema neno.

Sasa ikafika siku ya kupima. Walikuwa wamekwisha kuipima ndege yenyewe, gurudumu moja moja, kwa mzani wa magunia walioazima kwenye duka la nafaka, ule wa jukwaa la chuma na kijiwe cha kusogeza kwenye mkono wake. Ilibaki kupima watu. Shemeji alieleza vizuri mbele ya wote, chaki mkononi.

"Abiria akiwa chini ya themanini na tano, tunajaza tangi. Akizidi hapo, haina shida, tunapunguza mafuta tu. Uwanja wetu ni mfupi, na mwishoni kuna ua wa seng'enge. Ninachotaka ni namba ya kweli."

Namba ya kweli. Mtu aombwe nini zaidi ya hapo?

Mkewe alikuwa mlangoni, na nyuma yake wateja wake wanawake watatu waliokuja kuchukua magauni yao wakavutiwa na mambo. Gramu, ambaye siku hiyo kichwa kilikuwa kimemvimba kwa sifa, alimwita. "Njoo, abiria wa kwanza. Panda."

"Hapa? Mbele za watu?"

"Ndege haina faragha. Panda."

Alivua kandambili akapanda, mikono imekunjwa tumboni. Spana alisogeza kijiwe. Kikaenda, kikaenda tena.

"Themanini na sita," Spana alisema, kwa sauti ya chini kabisa aliyokuwa nayo.

"Loo!" Gramu akapaza sauti. "Hapa sasa tungetafuta lori!" Akacheka yeye wa kwanza, kwa nguvu, akiwatazama wengine. Spana akacheka kwa kufuata. Wateja wakacheka wakiziba midomo. Mke alitabasamu tabasamu la mtu aliyekanyagwa mguu kwenye foleni, akashuka, akatafuta kandambili zake kwa vidole vya miguu bila kuinamisha uso.

"Shemeji, na wewe?" rubani aliuliza. "Panda."

Ndipo Gramu akafanya jambo ambalo hata kulisimulia kunatia haya. Alikuwa na nafasi ya kupanda. Alikuwa na nafasi hata ya kunyamaza. Badala yake alipunga mkono. "Mimi mnanijua. Themanini na nne, nilipimwa zahanati majuzi." Kati ya namba zote duniani aliichukua ile iliyo chini kidogo ya ile ya mkewe na chini kidogo ya mstari. "Kwa hiyo aliyeingia ni mimi. Pole mama watoto, ndege haijui ndoa."

Wakacheka tena. Shemeji akaandika themanini na nne ukutani.

Kuanzia hapo Gramu alijaribu kuifanya kweli ile namba. Aliacha chakula cha usiku kwa siku tatu, ya nne akala cha watu wawili. Alitembea kwenda dukani badala ya kupanda baiskeli, akarudi na mkate. Mambo yakawa ni yale yale. Akajipa moyo kwamba shemeji ni rubani hodari na kwamba mahesabu siku zote huachiwa nafasi. Kilo kadhaa, nani atazisikia? Aliyesema hayo ni mtu aliyekata kimfuko cha leso cha mkewe.

Siku ya safari jua lilikuwa kali na upepo umelala. Uwanja ulikuwa kipande cha nyasi pembeni ya shamba waliloruhusiwa kutumia. Shemeji alikuwa amekwisha kuirusha ndege peke yake mara nyingi, na ilikuwa ikipanda vizuri, nyepesi, kila mtu akipiga vigelegele. Sasa ilikuwa zamu ya abiria. Gramu alivaa shati jipya. Spana alishika dumu la mafuta juu ya tangi, akamtazama rubani.

"Nijaze?"

Shemeji akamgeukia Gramu. "Shemeji, ile themanini na nne iko pale pale? Kama imepanda niambie tu, tunaacha hapo lilipofika."

Mkewe alikuwa amesimama kando ya bawa, kiganja juu ya kitambaa alichokishona. Aliinua macho akamtazama mumewe. Hakumkazia macho, alimtazama tu, kwa utulivu, kama anayengoja mtu amalize kutafuta ufunguo mfukoni. Ungemaliza kwa neno moja, Gramu. Ungesema "imepanda kidogo" na kucheka, yakaisha.

"Iko pale pale," alisema.

"Jaza," shemeji akamwambia Spana.

Ndege ilikimbia. Ilikimbia vizuri mwanzoni, nyasi zikipiga magurudumu. Katikati ya uwanja, pale ilipozoea kuacha ardhi, haikuacha. Ilirukaruka, ikanyanyuka kidogo, ikarudi. Gramu alimwona shemeji yake akitazama mita ya mwendo, akitazama ua, akitazama mita tena, na uso wake ukabadilika. Kisha shemeji akakata moto na kukanyaga breki kwa nguvu zake zote. Ua ukaja. Propela ikapasuka vipande, seng'enge ikachana chini ya bawa la kushoto, mguu mmoja wa ndege ukalala, na kila kitu kikanyamaza isipokuwa mafuta yaliyokuwa yakidondoka. Gramu alichubuka kidogo kwenye paji la uso. Shemeji aliyekuwa ameshikilia usukani alivunjika kifundo cha mkono wa kulia.

Ungedhani hapo ndipo aliposema. Hakusema.

Walipoirudisha ndege karakana juu ya trela, wote walisimama kuizunguka kama watu wenye mgonjwa ndani ya nyumba. Shemeji, mkono kwenye plasta, alipitia mahesabu yake ukutani tena na tena. "Namba ziko sawa," alisema. "Ilitakiwa ipande. Basi ni mimi. Nilivuta mapema au nimechelewa, sijui. Mkono wangu umeisha." Akamwambia dada yake, kwa sauti ndogo, kwamba amekwisha kumwomba bosi wake amtoe kwenye ndege ya dawa, hata plasta ikitoka asirudishwe.

"Usiseme hivyo," dada yake alimjibu.

"Niseme nini, dada? Ningemuua mumeo."

Gramu alikuwa akikagua boriti isiyo na kasoro yoyote.

Spana naye alikuwa na mkate wake wa kulinda. "Injini ilivuta, niliisikia mwenyewe. Mimi nawaambia tazameni hapa." Akanyoosha kidole chini ya bawa la kushoto, pale kitambaa kilipochanika. "Huenda kililegea kabla. Kitambaa kikilegea, bawa linapepea kama shuka kwenye kamba. Itanyanyukaje?"

Wote wakamgeukia mshonaji.

Alikisogelea kitambaa, akakishika palipochanika, akakitazama. Kisha akamtazama mumewe, mtazamo uleule wa uwanjani, akangoja. Gramu akajikausha. Mdomo wake ulifunguka, na kilichotoka ni hiki: "Nilikuambia utumie ule uzi mwingine."

Hakuwahi kumwambia hivyo. Hapakuwa na uzi mwingine.

"Inawezekana," mkewe alisema. "Nitafumua nishone upya."

Basi akaanza. Wateja waliokuja na vitambaa vyao waliambiwa wasubiri, na cherehani ikafunikwa. Kila mchana alisimama mbele ya bawa lile na kiwembe chake, akikata fundo kwa fundo kazi aliyoifanya msimu mzima. Gramu alimsikia kutoka upande wa pili wa karakana alikojitia anachonga propela mpya. Krr, wembe. Kimya. Krr. Usingizini alimsikia muuguzi akisoma namba. Na kibaya zaidi, watu walimpa pole: pole kwa ndege yako, pole kwa mchubuko wako. Alizipokea zote.

Mchana mmoja alishindwa kuvumilia, akaacha propela, akaenda kusimama nyuma ya bawa upande ule wake wa zamani.

"Upo?" mkewe aliuliza, bila kugeuza sauti.

"Nipo."

Akaanza kuzivuta nyuzi zilizokatwa, ili kusaidia. Hazikuja. Alivuta kwa vidole, zikakataa. Akazungusha uzi kwenye kiganja, akavuta kwa uzito wake wote, na uzi ukamkata ngozi kabla ya kukubali kutoka kwenye nta yake. Akajaribu fundo la pili, la tatu. Yalikuwa mafundo ya mtu aliyejua kwamba nduguye ataruka akiyategemea.

"Haya mafundo hayana kosa," alisema.

"Najua."

"Sasa unafumua nini?"

Wembe ulinyamaza.

"Suruali zako zinashonwa na nani?" sauti iliuliza kutoka upande wa pili.

Gramu alishika ukingo wa bawa.

"Mara ya mwisho nimeongeza vidole vinne," mkewe aliendelea. "Unadhani sijui kiuno cha mume wangu? Nilijua siku ileile mlipopima. Nikasema moyoni, anaona haya mbele ya watu, atamwambia mdogo wangu wakiwa wawili. Mtu anayepima hadi uzi hawezi kulinyamazia hilo. Hata pale uwanjani, alipokuuliza ukasema iko pale pale, nikajua mmeshayamaliza wenyewe, hiyo ni ya masikio ya watu tu. Mpaka nilipomwona anasumbuka na mahesabu ukutani. Hapo ndipo nilipojua hukumwambia."

"Na hukusema."

"Sikusema."

"Kwa nini? Umekubali waseme ni kitambaa chako. Kwa nini?"

"Mimi nimeshapimwa mbele ya watu, baba watoto. Nikajua kunavyouma. Sikutaka kukufanyia." Halafu akaongeza, sauti ikiwa kavu kidogo: "Lakini mdogo wangu anaacha kazi yake. Nilikupa muda mpaka nimalize bawa hili. Bado mbavu mbili. Baada ya hapo ningemwambia mwenyewe."

Gramu aliweka paji la uso kwenye kitambaa. Hakulia, ingawa angetamani kulia, maana kulia kuna nafuu.

Jioni ileile, jua likiwa bado juu, aliusukuma mzani wa magunia kwa toroli kutoka duka la nafaka, yeye mwenyewe, akapita nao katikati ya mtaa. Aliwaita shemeji na Spana. Kisha akamwambia mkewe, "Na wale wateja wako watatu."

"Hakuna haja ya kufika huko."

"Walikuwapo."

Walikuja, wakasimama palepale mlangoni. Gramu alivua viatu akapanda. Alikuwa ameandaa utani njiani, kitu kuhusu lori, ili auwahi mwenyewe kabla ya mtu mwingine. Spana aliweka kijiwe kwenye themanini na nne. Mkono wa mzani haukutikisika. Akakisogeza mpaka themanini na sita, palepale kiliposimama alipopanda mkewe Gramu. Haukutikisika. Akaendelea, macho yake yakikwepa ya Gramu, mpaka mkono ukaelea.

"Soma," Gramu alisema. "Kwa sauti."

"Tisini na saba."

"Na nilijua. Nilijua kabla ya siku ile. Shemeji, mkono wako hauna kosa. Kitambaa hakina kosa. Ni mimi."

Shemeji alitazama namba iliyokuwa ukutani, kisha akatazama plasta yake. "Ningeacha dumu moja tu la mafuta," alisema mwishowe. Hakuwa amekasirika, na heri angekasirika. "Dumu moja, shemeji. Na ungeruka."

Gramu alifungua mdomo autoe ule utani wa lori. Haukutoka. Akasubiri basi wao wacheke. Alisimama juu ya chuma kile, soksi zimetoboka kidole, tumbo mbele, akisubiri kicheko kimoja ili alipe na mambo yaishe. Akamtazama Spana, Spana akatazama chini. Akawatazama wale wanawake watatu, na hakuna aliyeziba mdomo, maana hakukuwa na kitu cha kuziba. Walikuwa wakimwonea huruma.

Mkewe ndiye aliyesogea. Akavileta viatu vyake akavipanga mbele ya mzani, akamshika kiwiko ili ashuke bila kujikwaa.

Siku ile alipopimwa yeye, alishuka peke yake.